Tembo Hakutoka

Hadi leo nikisikia honi ya lori naangalia mikono ya mtu aliye karibu nami. Ni tabia ya kijinga, lakini imenikaa.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa dresa wa zahanati pale Kimuli. Rafiki yangu alikuwa mwenye duka, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Kila alasiri tulicheza sataranji barazani kwake, na kwa miaka mitatu alinipiga kama ngoma.

Mimi nilikimbilia katikati ya ubao. Yeye alianzia ubavuni: alisogeza hatua moja kitunda, ile kete ndogo iliyo mbele ya farasi, kisha tembo, kete iendayo mshazari, akajibanza palepale kitunda kilipotoka. Katikati aliniachia nijitanue. Baadaye tembo alipiga kutoka huko pembeni na kazi yangu yote ikabomoka. Nilimtania kuwa anacheza kama mwizi wa kuku. Alinijibu kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Siku hiyo alianza vilevile, lakini tembo hakutoka. Alisogeza kitunda kilekile tena, akautazama ubao kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Mkono ulimtetemeka. Nilidhani ni mtego. Nilipoona si mtego nilifurahi, Mungu anisamehe.

Lori la kahawa likapiga honi barabarani, safari ya Bukoba, kwenye hospitali kubwa.

“Bwana dresa, kichwa kizito,” akasema. “Nilipande hilo?”

“Tumalize kwanza,” nikamwambia.

Kipimajoto kilikuwa mfukoni mwa shati langu. Kazi niliyolipwa ni kuitambua homa inayopanda kichwani, na wagonjwa wa namna hiyo nilishawapakia wengi kwenye lori lilelile. Nikasogeza farasi wangu. Lori likaondoka. Muda mfupi baadaye mfalme wake hakuwa na pa kwenda, akanipa mkono wa pongezi, nao ulikuwa wa moto hata nikashtuka.

Nilimchoma sindano ya kwinini. Haikufua dafu. Lori lililofuata lilikuwa la keshokutwa, na yeye hakufika keshokutwa.

Siku ya tatu ya matanga mkewe aliniita kando. Nilijua ameniita anilaumu, na nilitaka anilaumu.

“Shemeji, alifurahi ulivyomshinda,” akasema. “Alisema sasa umejifunza kuona.”

Nikamwitikia asante.