Kitambaa Kinapouma

"Hivi kweli, fundi, kitambaa nacho kinauma?" jirani mmoja aliwahi kumuuliza huku akicheka.

Asubuhi hii fundi huyo wa cherehani, ambaye wateja wamembandika jina la Mama Pindo, ameketi kwenye chumba chake cha mbele, shela jeupe likiwa mapajani. Kila kitambaa kinapomgusa ncha ya kidole, anakunja uso. Mkono hauachi kushona.

"Kinauma," anasema. "Kama kushika sufuria ya moto. Ila jirani alicheka, nami nikacheka. Ningemwelezaje?"

Maumivu ya kwanza yalikuwa ya kiuno. Miaka sita iliyopita aliteleza ngazini akiwa amebeba robota la vitambaa. Hospitali ikampa vidonge vikali vya jamii ya afyuni. Akapata nafuu, akarudi kwenye cherehani. Dozi ilipokwisha, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akawa anamnunulia vingine duka la dawa, kwa mlango wa nyuma.

"Kwa huruma yake," anasema Mama Pindo. "Asiyenijali angeniacha nilie."

Kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vinne. Kiuno kilishapona, lakini maumivu yakasambaa mgongoni, mikononi, hadi vidoleni. Mshono wa blauzi ukawa unamkereza kama msumeno. Kadiri alivyoongeza dawa, ndivyo ngozi ilivyozidi kuwaka.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyemfumbua macho. Alimweleza kwamba mishipa ya fahamu hupeleka habari za maumivu kwenye ubongo, na dawa hizo huinyamazisha. Kwa baadhi ya watu, zikitumika muda mrefu, mishipa hiyo huwa mikali kuliko ilivyokuwa mwanzo.

"Akaniambia, 'Mama, hiyo mishipa sasa ikiguswa kidogo tu inaita zimamoto.' Nikamwambia, basi mwanangu, mie nina mtaa mzima wa wapiga kelele!"

Sasa anapunguza vidonge kidogo kidogo, kliniki ikimwangalia, maana kuviacha ghafla ni hatari. Kuna siku jasho linamtiririka na usingizi unampaa. Husali, kisha huvaa kastabani, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole, akaendelea alipoishia.

Shela ni la kitinda mimba wake, anayeolewa mwezi ujao. Wapo waliomshauri ampe fundi mwingine.

"Kwani uchungu wa kumzaa alinisaidia nani?" anauliza.

Mazungumzo yetu hayajaisha, shemeji anaingia na kuweka karatasi iliyokunjwa juu ya cherehani. Ndani mna vidonge.

"Kimoja tu, shemeji. Harusi ikipita utarudi kwenye kliniki yako. Unajitesa bure."

Mama Pindo anavua kastabani apate kuukamata uzi vizuri, na sindano inamchoma. Anakiwahi kidole mdomoni kabla damu haijadondokea shela. Halafu anaangua kicheko.

"Umeona? Imeniuma."

"Si ndicho ninachokwambia!"

"Imeniuma kama sindano, shemeji. Mwezi uliopita ingeniuma kama msumari. Vidole vyangu vinarudi, Mungu ni mwema. Siku ya harusi nataka nimfunike mwanangu shela hili mwenyewe, nimkumbatie bila kukunja uso. Karatasi yako ichukue. Ukitaka kunisaidia, nishikie pindo hili."

Shemeji anavuta kigoda, anakaa. Analishika pindo kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika yai, mpaka uzi unapokatwa.

Kisha anaichukua karatasi yake, anaitia mfukoni, na kutoka.