Rili ya Pili

Napenda filamu zilizokatika. Miaka ile ya tisini, vibanda vya video pale Nkubu vilijaa vijana kila Jumamosi wakimtazama mtu mmoja akiua watu mia bila kutokwa jasho, na mimi nilipita nikisonya. Nilikuwa mwalimu wa historia katika shule ya wasichana nje kidogo ya mji. Stoo ya shule ilikuwa na kitu ambacho hakuna mwalimu mwingine aliyekitaka: projekta nzito ya chuma, na masanduku ya filamu kuukuu zilizoachwa na wamisionari na maofisa wa kilimo waliokuja na kwenda kabla sijajua kusoma.

Nilizitazama karibu zote. Kulikuwa na filamu bubu ya fundi cherehani aliyemshonea farasi koti, ila koti lenyewe hatukuwahi kuliona kwa sababu mchwa walikula mwisho. Kulikuwa na nyingine ya kuwafundisha watu kuvuka barabara katika mji wa mbali, na humo mama mmoja anavuka, anasita, anarudi, kisha anavuka tena, kama mtu aliyekumbuka sufuria mekoni. Naamini hakuna aliyemwambia arudi. Hicho ndicho ninachokipenda katika filamu za zamani: mtu anaambiwa aigize jambo moja, halafu kamera inanasa jambo lake mwenyewe ambalo hakukusudia kulitoa. Wenzangu katika chumba cha walimu waliniona nimepungukiwa. Niliwaambia waliopungukiwa ni wao, na nikaendelea kuunga mikanda yangu kwa selotepu.

Siku moja nilifika chini kabisa ya sanduku la mwisho nikakuta kopo lenye kutu, la rili moja ya filamu. Juu yake palikuwa na maneno ya rangi nyeupe: Kilimo Bora Mbeere, Sehemu ya Pili. Niliketi sakafuni papo hapo, na sketi yangu nzuri. Filamu hiyo nilikuwa nimeisikia tangu utotoni, kwa sababu ndiyo iliyomharibia baba yangu jina.

Mwanzoni mwa Uhuru, kabla baba hajaoa, watu wa kilimo walikuja na kamera huku kwetu chini, karibu na Kiritiri, kupiga filamu ya kuwafundisha wakulima kuchimba matuta ya fanya juu, yale ambayo udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu, ili mvua isiubebe. Walihitaji mkulima hodari na mkulima mvivu. Wakawatazama vijana waliokuwa wakichimba, wakamchagua baba awe mvivu, kwa sababu alikuwa na uso wa kuchekesha. Akaambiwa alale chini ya mti na kofia usoni huku mbuzi wakila mtama wake. Akalala. Akaambiwa akorome. Akakoroma. Katika sehemu ya pili, alivyotueleza yeye, mvivu anazinduka, anashika jembe, na shamba lake linakuwa zuri kuliko yote.

Gari la sinema likaja sokoni, shuka jeupe likatundikwa, watu wakajaa, sehemu ya kwanza ikaonyeshwa. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha mvua ikashuka, mvua ya kwetu isiyobisha hodi, watu wakatawanyika na gari likaondoka. Msimu uliofuata lilirudi na filamu ya mbu. Sehemu ya pili haikuonyeshwa kwetu hata siku moja.

Watu hawakuwa wameona filamu nyingine kabla ya hiyo. Walichokiona kwenye shuka lile jeupe walikichukua kama ushahidi wa shahidi aliyekuwapo. Mtu alionekana amelala na mbuzi wanakula. Sasa mnataka nini tena? Baba alipoenda kumposa mama, babu upande wa mama alisema binti yake hatalisha mwanamume anayekoroma mchana, akamzungusha misimu miwili. Baba alichimba, akapanda, akavuna, akatusomesha, na bado akipita njiani watu walisema, "Yule wa sinema anaenda kulala wapi?" Aliyewaongoza katika kicheko hicho alikuwa mjomba, kaka yake mama. Kikulacho ki nguoni mwako. Mjomba hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa mzaha mmoja tu, na mtu wa mzaha mmoja hauachi hata umwombe.

Kila mara baba alijibu vilevile: "Mwishoni nilichimba." Hakuna aliyemwamini. Mama hakusema anaamini wala haamini. Aliposikia maneno hayo aliinuka akaenda kupepeta kunde.

Mwaka nilioliona kopo, watu wa kwetu walikuwa wanataka kuchimba bwawa la udongo, na walikuwa wanatafuta mtu wa kusimamia kazi. Baba alilitaka jambo hilo kwa moyo wote. Alijua udongo wa pale kama anavyojua viganja vyake. Jina lake likatajwa katika mkutano, na mjomba akasimama akasema, "Kazi ya kuchimba mnampa mtu wa kukoroma? Hilo bwawa litajaa ndoto." Mkutano mzima uliangua kicheko. Baba alichukua kofia yake akaenda nyumbani. Aliacha kwenda mikutanoni, akaacha kwenda kanisani, na mdogo wangu akaniandikia kwamba mzee anakula kama ndege. Uchaguzi uliahirishwa hadi mwezi uliofuata.

Nilipofungua kopo lile, harufu ya siki ilinipiga usoni. Filamu inayooza hunuka hivyo. Mkanda ulikuwa umesinyaa, umejikunja kama gome la mti, na mahali pengine umeshikana. Nilifanikiwa kukunjua kipande cha mwanzo tu nikakishika mbele ya dirisha. Niliona mtu mdogo kama punje ya mtama, na jembe. Uso sikuuona. Nilijua ningeweza kuupitisha mkanda huo kwenye mashine mara moja, na baada ya hapo ungekuwa takataka. Nikiutazama mimi kwanza ili kuhakikisha, baba hatauona. Nilizunguka na kopo lile siku kadhaa nikijigombeza. Nilitamani mtu aniamulie.

Basi nikaenda nyumbani, nikamweleza baba uani, mama akiwa mekoni mlango wazi.

"Inaweza kupita mara moja tu, Baba. Ukitaka, tutaitazama mimi na wewe. Ukitaka watu, tutaita watu. Lakini sijui ndani kuna nini."

"Kuna mimi nikichimba."

"Na kama hauonekani vizuri?"

"Mama," aliniambia, maana aliniita hivyo kwa kuwa nimepewa jina la mama yake, "walinicheka wakiwa wengi. Waite wengi."

Nilimwangalia mama kupitia mlango. Aliendelea kukoroga uji. Nilikasirika, nikasema moyoni kwamba mwanamke huyu ana jiwe mahali pa moyo.

Kanisa letu lilikuwa na jenereta ya vipaza sauti. Mchungaji, Mmeru kutoka milimani aliyekuwa kwetu mwaka wa pili, alikubali tuitumie Jumapili baada ya ibada, mradi filamu isiwe na ngoma. Kwa kuwa hakujua lugha yetu, kanisani watu walisema Kiswahili, Kiswahili chetu cha kubomoa. Tuliziba madirisha kwa blanketi na magunia, tukatundika shuka jeupe mbele, na nikaisimamisha projekta niliyoileta kutoka shuleni. Jua la saa nane lilikuwa linachoma mabati, na ndani mlikuwa na joto la tanuri. Joto na mkanda uliosinyaa ni maadui. Niliijua hatari hiyo, na sikufaulu kuupitisha mkanda kwenye meno ya mashine mpaka jaribio la tatu.

Kanisa lilijaa, wanaume upande wa kulia, wanawake upande wa kushoto, kama ilivyo desturi. Baba aliketi benchi la kwanza, peke yake, amevaa koti lake la harusi za watu. Mjomba alikuwa benchi la tatu na wenzake. "Leo tumekuja kulala," alisema, na benchi lote likacheka. Ningekuwa na kitu cha kurusha ningerusha.

Niliwasha.

Kwanza kulikuwa na mikwaruzo tu, kama mvua. Kisha sauti ya mtu wa pwani ikatoka, imenenepa na imejaa maringo: "Na sasa, ndugu watazamaji, mvivu wetu amezinduka." Watu walishangilia. Halafu akatokea, shambani, mwanamume kijana, kifua wazi, anachimba tuta.

Alikuwa ametupa mgongo.

Nilingoja ageuke. Kanisa zima lilingoja ageuke. Jembe lilipanda na kushuka, udongo ukarushwa juu, tuta likarefuka nyuma ya tuta, na mpiga picha hakumzunguka mtu yule hata mara moja. Hapo nilielewa, na nilimchukia mpiga picha huyo aliyekwisha kufa pengine zamani. Uso wa kuchekesha alikuwa ameshautumia katika sehemu ya kwanza. Katika sehemu ya pili alichotaka ni matuta. Ilikuwa picha nzuri, nakiri. Mstari wa udongo ukikata kilima chote na mtu mmoja chini yake, na mwanga wa asubuhi ubavuni. Ningeiona stooni Nkubu ningeipenda. Siku ile niliomba kwa sauti ya chini, "Geuka. Geuka, Baba, tafadhali."

Mashine ikalia, kre-kre-kre. Mkanda ulikuwa umekwama mbele ya taa. Pale kwenye shuka, begani mwa yule mtu, doa la kahawia likatokea, likatanuka, likatokota. Watu walipiga kelele. Nilizima taa, nikakata kwa wembe, nikaunga, nikavuta, jasho likiniingia machoni. Gizani nilisikia benchi la tatu likinong'ona. Niliwasha tena. Mgongo ukarudi, ukachimba mara tano, sita, yule mtu akaanza kunyanyuka kama mtu anayetaka kunyoosha kiuno, na pengine sasa angegeuka, pengine. Mkanda ulikatika vipande vitatu kwa mpigo. Nilivishika mikononi na vilivunjika kama majani makavu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Shuka likabaki jeupe. Mtu aliondoa gunia dirishani, mwanga ukaingia.

Mjomba alisimama. Hakuwa anacheka, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu sasa alionekana mwenye busara. "Mwalimu, asante kwa hiyo kazi. Lakini tuseme ukweli ya Mungu. Hiyo mgongo ni ya nani? Inaweza kuwa ya mtu yeyote. Hata yangu. Wao walitoa huyu, wakaweka kijana ingine anajua jembe."

Watu waliguna kukubali. Na mimi, mjuzi wa filamu, nilijua alichosema kingeweza kuwa kweli. Katika filamu mambo hayo hufanyika. Baba hakugeuka. Nilifikiri, nimemuua. Nimemleta hapa mchana kweupe, mbele ya watu wote, nikamuua.

Kisha upande wa wanawake benchi likalia, mama akasimama.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amen," wakajibu, kwa mazoea.

"Mimi si mtu wa kuongea. Huyu kaka yangu ananijua." Alishika vizuri leso yake. "Tangu niolewe, mvua ikikuja tunapanda sisi wawili. Yeye anaenda mbele anachimba mashimo. Mimi nafuata nyuma naweka mbegu, nafunika na mguu. Kutoka asubuhi mpaka jua kali. Miaka yote hiyo, wakati wa kupanda, uso wake mimi sioni. Naona mgongo. Akianza kuchoka, bega ya kushoto inashuka, na hasimami, anaongeza. Wakati mwingine mimi nataka kupumzika na naona aibu kumwambia, kwa sababu huyo mtu hasimami." Alinyoosha kidole kwenye shuka tupu. "Hapo nimeona bega ikishuka. Huyo ni mzee wangu. Alikuwa anasema ukweli, na mimi nilinyamaza kwa sababu baba yangu na kaka yangu walikuwa wanacheka, na ni watu wangu. Leo nimemaliza kunyamaza."

Mjomba aliketi polepole, akaangalia viatu vyake.

Ndipo kanisa zima likafanya jambo ambalo sikulitegemea: likamtazama baba. Alikuwa mbele kabisa, ametupa mgongo sisi sote, na hakukuwa na kitu kingine cha kutazama. Koti la harusi za watu lilikuwa linatetemeka mabegani. Baba yangu, aliyevumilia kicheko tangu kabla sijazaliwa bila kutoa chozi, alikuwa analia, na kila mtu aliweza kuona bila kuuona uso wake.

Bwawa alikuja kulisimamia yeye, kwa tofauti ya kura chache, na mjomba alikuja kuchimba kama wengine. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile mama hakungoja mchungaji afunge kwa maombi. Alitoka kwenye benchi lake, akavuka katikati ya kanisa mbele ya macho yote, akaenda akaketi kando ya baba upande wa wanaume. Mzee wa kanisa aliinuka nusu amwonyeshe mahali pake, akamtazama, akakaa tena.