Sare Nyuma ya Mlango

Kila mwaka, kabla watu hawajahamia mashambani, nasimama kanisani baada ya misa na kusema yaleyale: mtoto asiondoke na mtu mpaka mzazi arudi, na akishachukuliwa, kimbieni polisi saa hiyohiyo, basi likiwa bado njiani. Wapo wanaonung'unika kwamba nawachelewesha chakula cha mchana. Na wanune. Mimi kukaa kimya siwezi.

Ilikuwa miaka ya tisini, mpunga umeanza kutoa masuke. Baba na mama walikuwa shambani Mofu wakiamia ndege wasile mpunga, wanalala kwenye kibanda cha shambani kama wazazi wa karibu mtaa mzima, na sisi watoto tumebaki Ifakara kwa ajili ya shule. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Kwetu aliyeachiwa ufunguo ndiye mkubwa wa nyumba, hata kama bado anaogopa panya. Mdogo wangu wa darasa la nne alinichosha: nimpikie, nimfulie, kisha anuse sahani na kuniuliza mama atarudi lini.

Jioni moja akaja mwanamke wa makamo. Alinisemesha Kipogoro, akataja kijiji alikotoka babu kule Mahenge, akasema yeye ni shangazi yetu wa ukoo. Nikapiga goti, nikamwamkia. Mtu ukishamwamkia hivyo, kumhoji ni kukosa adabu. Akaeleza kwamba binti yake amejifungua Kidatu, mkwewe anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa, wanatafuta mtoto wa kuwashikia huyo mchanga; amchukue mdogo wangu, na shule ataandikishwa hukohuko.

"Mama akirudi mwambie yuko kwa shangazi," alisema.

Nilifurahi. Nalisema wazi kwa sababu ndilo linaloniuma: nilifurahi kupumzika. Nikamfungia mdogo wangu nguo zake mimi mwenyewe, sare ya shule nikaiweka juu.

Kesho yake walipokwisha ondoka, nilichukua ufagio. Nyuma ya mlango nikaikuta sare, imekunjwa vizuri na kusukumiwa pembeni. Mdogo wangu hakuwa mtu wa kukunja nguo. Nilisimama nikiitazama. Mtoto wa kuandikishwa shule anaachiwaje sare?

Nilikimbia hadi stendi, sare mkononi. Basi la Mikumi, lipitalo Kidatu, lilikuwa linanguruma. Nikapanda, nikamwona mdogo wangu amekaa nyuma na yule mwanamke. Kwenye viti vya mbele, karibu na mlango, walikaa wasichana wawili wa rika lake, kila mmoja na kifurushi.

"Mnakwenda na nani?" niliwauliza.

"Na shangazi," alisema mmoja, akimwonyesha yuleyule.

"Na mama mdogo," alisema mwenzake, naye akamwonyesha yuleyule.

Nikamfuata mwanamke. "Shangazi, mama yetu anaitwa nani?"

"Mwanangu, kaa chini, unawatia watu aibu," alinijibu kwa upole.

Sikungoja jina. Nilimvuta mdogo wangu kwa mkono, kondakta akinitukana, tukashuka. Basi likaondoka. Kituo cha polisi kilikuwa hatua chache kutoka pale, na barabara ya kwenda Mikumi ni moja tu. Wangeweza kusimamishwa hata Kidatu. Sikwenda. Niliona langu limekwisha. Nikamrudisha mtoto nyumbani, nikapika wali, nikakaa, nikainuka, nikafagia palepale nilipokwisha fagia.

Baada ya mavuno, wazazi waliporudi, mama mmoja wa Idete aliingia uani kwetu. Binti yake alikuwa amepangishiwa chumba mtaa wa pili ili asome. Alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akiuliza, mpaka mtu akamwambia habari ya basi. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa kiti.

"Nasikia ulimshusha mdogo wako."

"Ndiyo, mama."

"Na wangu ulimwona?"

Nikamweleza yule aliyesema anakwenda na mama mdogo: gauni la bluu, kifurushi cha kanga. Alitikisa kichwa kukubali kila nilichotaja. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama anayetaka tu kujua:

"Alikuwa amekaa wapi?"

"Karibu na mlango," nilisema.