Chuma cha Mfuko wa Shati

Jirani yangu fundi redio, hapa Karatu, kila asubuhi nikianika nepi namwona akilipangusa gitaa lake la chuma la zamani, kisha anapapasa mfuko wa shati. Jumamosi walikuja kulinunua watu watatu wanaopenda magitaa ya kale kama yeye. Hakutaja bei. Alimpa kila mmoja alishike, yeye akatazama mikono yao. Wa kwanza akalikumbatia kifuani kama gitaa la kawaida.

"Litapendeza ukutani, kule lodji kwangu."

"Ukutani tundika kalenda, bosi," fundi akasema, akalichukua taratibu. Wa pili naye akalikumbatia, akalalamika kwamba nyuzi ziko juu mno, hazibonyezeki. Nikamhurumia fundi, maana mwaka mzima watu wanakuja na kuondoka hivyo hivyo. Wa tatu, mama mmoja wa makamo, akakaa kwenye benchi, akalilaza mapajani.

"Chuma chake cha kutelezesha kiko wapi, baba?"

Vidole vya fundi vikaingia mfukoni, vikatoka na kipande kinachong'aa. Mama akakitelezesha juu ya nyuzi, sauti ikapanda, ndefu na laini, hata mwanangu mgongoni akaacha kulia.

"Mama Goodness!" fundi akaniita, barabara nzima ikasikia. "Njoo! Limempata mwenyewe!"