Bei ya Beki

Diploma yangu ya biashara, niliyoisomea Guangzhou kwa jasho langu mwenyewe, imetundikwa dukani kwangu Kariakoo, juu ya kaunta, mahali ambapo kila mteja lazima aione. Hakuna aliyenishika mkono. Kichina changu kilinoleka kwa kubishania bei Guangyuan Xilu, kwenye yale majengo ya nguo za jumla, mpaka wenye maduka wakawa wananiita laoban, bosi.

Ndiyo maana yule beki, kijana wa Temeke tuliyekuwa tukicheza naye mpira Jumapili, alinifuata mkataba wake na klabu moja ya kule Guangzhou ulipokwisha. Klabu nyingine ya pale mjini ilikuwa inamtaka.

"Kaka, wewe msomi. Nidai kiasi gani?"

Nikapiga hesabu: umri, mechi alizocheza, mabao waliyofungwa akiwemo na asipokuwemo, mishahara ya mabeki wenzake. Nikapata kiwango cha haki. Kisha nikakizidisha mara mbili, kama afanyavyo muuza jinzi.

Ofisini kwa klabu hiyo, mtaa wa Pazhou, meneja alitaja kiwango kile kile cha haki. Kijana akanitazama, uso umemchangamka. Mimi nikatikisa kichwa, nikachukua mkoba, nikamwashiria tuondoke. Guangyuan Xilu kila mnunuzi anajua: ukigeuka na kutembea taratibu, utaitwa kabla hujafika kwenye lifti.

Tukatembea taratibu. Lifti ikafunguka, nikaiacha ishuke tupu.

"Kaka, turudi?"

"Tukirudi, bei imekufa. Tulia. Wewe beki, kazi yako kungoja."

"Beki anayengoja anafungwa, kaka."

Nikacheka. Hakuna aliyetuita. Wiki ile ile walisajili beki mwingine. Viza ya kijana ikaisha, akarudi Temeke, na mpaka leo hana timu.

Mwezi uliopita mama yake aliingia dukani. Nilipomwamkia, alinishika mikono yote miwili.

"Marahaba, baba. Mwanangu kanieleza ulivyompigania kule ugenini. Mungu akuzidishie."

Pale ndipo pa kusema ukweli. Diploma ilikuwa inaning'inia juu yetu. Nikasema, "Hamna shida, mama. Karibu."

Akachagua doti ya khanga, akauliza bei. Kwa mazoea tu, nikamtajia ile ya kuanzia. Akaguna, akairudisha mezani, akaelekea mlangoni taratibu, hatua fupi fupi, bila kugeuka.

Nikamwita.