Dakika Kumi Kwenye Kiti cha Mapokezi

Mganga mfawidhi aliniuliza swali moja tu: nani alifungua faili la yule mwalimu Jumanne iliyopita? Nikamwomba dakika tano. Nilitumia mbili. Mfumo niliousimika kwenye kituo chetu cha afya ulikuwa na daftari lake lisiloonekana na watumiaji, linaandika nani kaingia, saa ngapi, na faili lipi kagusa. Nilichapa mstari mmoja nikampelekea kifua mbele. Mstari ulimtaja dada wa mapokezi.

Sikujua uzito wa karatasi ile mpaka nilipoelezwa. Mwalimu alikuwa mgeni Rungwe kama mimi, aliyepangiwa shule ya huku, na alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Hii ya tatu aliijua yeye, mumewe na daktari, basi. Sasa kaenda Bagamoyo, ule mtaa wa huku huku Rungwe, kununua maziwa, mama muuzaji anampongeza kwa sauti mbele ya wateja. Alikuja kituoni analia kwa hasira. Mganga mfawidhi akaapa kwamba aliyetoa siri ile hatafanya kazi tena hapo. Barua ya kumfukuza dada ikachapwa Ijumaa, ikabaki sahihi tu, na sahihi ingewekwa Jumatatu.

Dada mwenyewe aliitwa ofisini, na mimi nikiwepo. Alikuwa mzaliwa wa Suma aliyeolewa Nkunga, mama wa watoto wawili, mtu wa maneno machache na mwandiko mzuri.

"Sikulifungua," alisema.

"Saa hiyo ulikuwa wapi?" mganga mfawidhi akauliza.

"Nilitoka kidogo."

"Ulitoka kwenda wapi?"

Akatazama sakafu. Nami nikaona hapo ndipo pa kuonyesha ujuzi wangu. "Kompyuta haisemi uongo, dada," nikasema. Mpaka leo nikikumbuka sentensi ile natamani kujipiga kofi.

Mnielewe, nilikuwa najisikia sana wiki zile. Ile seva ya Windows, kompyuta mama inayotunza mafaili yote, niliipokea kwenye boksi lililolowa mvua, nikaiweka kwenye kijichumba kilichokuwa stoo ya vyandarua, na kwa siku tatu sikutoka humo ila kunywa chai. Nilifunga njia zote za kuingilia, nikabakiza ile moja ambayo mfumo unaihitaji. Nikaweka cheti cha usalama ili taarifa za wagonjwa zisisomeke zikiwa njiani. Nikabadilisha nywila kuu, nikaifanya ndefu kiasi kwamba mganga mfawidhi aliniuliza kama ni nywila au barua. Kila mfanyakazi nikampa akaunti yake, na kila akaunti ikaona kile tu inachopaswa kuona.

Kitu kimoja nilikiacha. Kompyuta za kituo zilitakiwa kujifunga zenyewe zikikaa dakika chache bila kuguswa. Wakati wa kusimika jambo hilo lilinikera, maana kila nikigeuka nakuta kioo kimejifunga, naandika nywila upya. Mimi si mtu wa subira. Nikalizima, nikajiahidi kulirudisha Ijumaa. Ijumaa ikaja na mvua zake, umeme ukakatika mchana kutwa, nami nikasahau.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kazini kumalizia viporo. Matroni alikuwepo, mama mtu mzima, Mnyakyusa wa hapa hapa, ambaye tangu nifike alikuwa akiniita "aiti" kwa kazi yangu ya kompyuta, hata siku moja hajanitaja jina. Aliomba nimwonyeshe lile daftari linalowafukuzisha watu kazi. Nikamfungulia ukurasa mzima wa Jumanne ile. Akavaa miwani, akaanza kusoma taratibu, kidole juu ya kioo, nami nikivumilia alama za vidole.

Kidole kikasimama kwenye mstari wa saa nne na dakika kumi. Akaunti ya dada ilikuwa imemwandikisha mgonjwa mpya, mzee wa Nkunga.

"Nani kamwandikisha huyu mzee?" akauliza.

"Dada. Jina lake hilo hapo."

"Haiwezekani."

"Mama, mfumo unasema..."

"Mfumo wako umezaliwa wapi? Huyu ni baba mkwe wake!" Akavua miwani, akanigeukia. "Sikiliza, aiti. Kwetu mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe. Akimwona anakuja njiani, anaacha njia anaingia migombani mpaka apite. Siku hizi wengine wameacha, lakini nyumba ile hawajaacha. Leo umwambie akae naye uso kwa uso, amuulize una miaka mingapi, baba, unaumwa wapi? Angetupa kazi kabla ya kufanya hivyo."

Faili la mwalimu lilikuwa limefunguliwa dakika sita baada ya mzee kuandikishwa. Kwa hiyo aliyemwandikisha mzee ndiye aliyelifungua.

"Sasa nani alikaa pale?" Matroni akauliza.

Ndipo nilipomkumbuka mzee. Mrefu, koti zito, mwavuli mkononi. Nilipomuuliza umri alicheka, akasema, "Andika unaouona." Nilipomaliza akaniambia ndaga fijo, nikaona fahari kuwa mgonjwa kanishukuru mimi, mtu wa nyaya. Wiki ile nilikuwa nimekalia karibu kila kiti cha kituo nikijaribu mfumo, na hicho kilikuwa kimoja tu kati ya vingi. Dada alikuwa amechungulia dirishani, akainuka ghafla, "Kaka, nishikie hapa," akajitanda kanga kichwani, akatokea mlango wa nyuma. Sikuuliza. Baada ya mzee nilifungua faili la kwanza lenye majibu ya maabara, bila hata kusoma jina, nione kama ukurasa unakaa vizuri. Ulikaa vizuri sana, herufi kubwa. Kisha nikaitwa kwenye seva, nikaondoka. Na kioo cha mapokezi, ambacho hakikujifunga, kimeelekea dirishani, kwenye foleni, asome yeyote.

Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimelichapa la mwenzangu kwenye karatasi.

"Ni mimi, mama," nikasema.

Matroni alikunja miwani yake. "Basi mshukuru Mungu leo ni Jumamosi," akasema.

Nilimshukuru. Barua ilikuwa bado haina sahihi. Siku hiyo hiyo nilirudisha kila kompyuta kujifunga, dakika moja tu, wanaokereka wakereke. Kioo cha mapokezi nikakigeuzia ukutani. Nikamtengenezea Matroni akaunti yake ya mapokezi, kwa siku ambazo mzee atakuja.

Jumatatu nilimweleza mganga mfawidhi yote. Aliichana barua ya dada mbele yangu, akanisema mpaka wagonjwa wakanyamaza nje, kisha akaniandikia mimi barua ya onyo. Sijawahi kupokea barua kwa furaha vile. Tukaenda pamoja kwa mwalimu. Alisikiliza, akauliza, "Kwa hiyo hakuna mtu aliyenisema?" Nikamjibu hakuna, ni uzembe wangu. Alishusha pumzi ndefu. Alisema alikuwa ameanza kuwaogopa hadi walimu wenzake. Hakunisamehe siku hiyo, ila alituletea chai, na miezi ilipotimia alijifungua salama.

Kwa dada nilikwenda peke yangu, pale pale mapokezi.

"Dada, nisamehe."

"Yameisha, kaka."

"Ulijua kwamba ni mimi?"

"Kiti nilikuachia mwenyewe, nitaachaje kujua?"

"Sasa mbona hukusema?"

Alipanga kadi zake kwanza. "Ningesema nilitoka kwa ajili ya nani? Wangemwita mzee aje ofisini kunitolea ushahidi. Mimi ningesimama wapi?" Kisha akaniangalia, bila hasira yoyote. "Halafu wewe ulikuwepo mle ndani waliponihoji, kaka. Nilikuwa nasubiri useme."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa nimesahau, na ni kweli nilikuwa nimesahau, lakini dirishani kulikuwa na mama na mtoto wake, na dada alikuwa ameshaanza kumuuliza jina.