Kumpunguza Binti Yangu

Mwanangu alikuwa na miaka tisa, na watoto wa uchochoroni kwetu Mji Mkongwe walikuwa wameshamwita Gunia. Mimi babake, mwenye tumbo linalotangulia mlangoni, nilikuwa Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo. Tukitoka pamoja ilikuwa shangwe. Kwa hiyo nilikuwa sitoki. Nilitengeneza redio zangu sebuleni, na watu wa barazani walisema nyumba ile ina mwari, ila mwari mwenyewe ana ndevu.

Mtoto alitaka kitu kimoja tu: kucheza rede. Wawili wanarusha mpira, mmoja katikati anakwepa huku anajaza mchanga chupani. Yeye hawakumtia kati. Walimpa kazi ya kuokota mpira ukiingia mtaroni. "Wewe ukikaa kati," walimwambia, "hata kipofu atakupiga." Alinisimulia huku anakula kalimati, machozi na shira vinachanganyika kidevuni. Na mimi nikala mbili tatu, kumliwaza.

Mama yake, mwalimu asiye na utani, akampeleka kwa daktari. Hakupewa dawa. Waliambiwa vya kukaanga na vya sukari vipungue, mboga na matunda yaongezeke, mtoto asilazwe na njaa, na kila siku atembee, akimbie, acheze. Na nyumba nzima wale hivyo hivyo. Halafu daktari akauliza, "Baba mtu yukoje?"

"Bora usimuone," mke wangu akajibu. Alinihadithia mwenyewe, kwa furaha.

Ndani kwetu haikuwa taabu. Taabu ilikuwa Bi jirani wa mkabala, mjane, ambaye kila alasiri alituletea sahani: leo visheti, kesho katlesi, keshokutwa mkate wa kumimina. Sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo mke wangu akiirejesha na bajia. Mchukuzi alikuwa mtoto, na mchukuzi huonja kwenda na kurudi.

"Kamwambie asilete," mke wangu akaniambia.

"Mimi? Nianzie wapi?"

Basi akachagua njia aliyoiona ya heshima. Sahani ikarudi na matango, yamekatwa vizuri, chumvi na ndimu juu.

Dirisha la mkabala likafunguka. "Nyie! Mmeniona mbuzi?"

"Shikamoo, Bi," nikasema, nimejificha nyuma ya pazia. "Daktari kasema, kwa ajili ya mtoto."

"Marahaba. Mkono wangu ndio uliomlea huyo, leo umekuwa sumu? Na wewe hilo tumbo nalo nimekupa mimi?"

Kesho yake ikaja sahani yetu moja iliyokuwa imebaki kwake. Tupu. Imeoshwa, imekaushwa, inang'aa. Kwetu bora mtu akutukane. Mke wangu aliitia kabatini, na tangu siku hiyo hakikuja kitu wala salamu. Mtoto akipita chini ya dirisha husikia, "Masikini, wanamuua na njaa."

Ikabaki kutembea. Mama yake anawahi skuli, kazi nikapewa mimi. Tukitoka baada ya sala ya Alfajiri, tunapita Darajani mpaka Kikwajuni kwa shangazi yake, tunarudi. Siku ya kwanza wanywa kahawa waliniona.

"Jamani, mwari katolewa leo! Vigelegele!"

Wakavipiga kweli, wazee wazima na ndevu zao. Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kagundua yupo wa kuchekwa kuliko yeye. Kesho yake aliniamsha mwenyewe.

Kila nikisimama kushika ukuta, yeye hukimbia mbele, akarudi, akanizunguka. "Baba, nkuitie gari la ng'ombe?" Halafu anakimbia tena. Safari yangu moja yeye aliifanya mbili, na yote kwa kunikejeli. Nyumbani anakula samaki wa kuchoma, papai, na mchicha usio na nazi ambao mimi nilikuwa naumeza kama dawa ya minyoo. Miezi ikapita. Akarefuka, mashavu yakashuka, pumzi ikaacha kupiga mluzi kwenye ngazi. Daktari akasema uzito sasa unakwenda na kimo chake. Mimi sikupungua hata ratili moja. Dada yangu wa Kikwajuni alikuwa akituandalia vitumbua, na mtoto akivikataa, vingekwenda wapi?

Alasiri moja nikasikia kelele nje, na sauti yake juu ya zote. Nikachungulia. Wamemtia kati! Mpira unakuja kulia, yuko kushoto. Unakuja chini, yuko juu, na chupa imejaa mchanga mpaka shingoni. Warushaji wamevimba kwa hasira. Nikajisahau. Nikatoka mpaka kizingitini, nikapiga makofi.

Wasichana wakageuka. Niliona midomo yao inaanza kucheka. Mwanangu naye aliniona, akasita, mpira ukampiga begani. Katoka.

Hakulia. Alinijia taratibu, akasema kwa ile sauti ya adabu ambayo watoto wetu huwawekea wageni:

"Baba, rudi ndani. Wakituona pamoja watakumbuka."

"Watakumbuka nini?"

 Akanisukuma tumbo kwa vidole viwili, kidogo kidogo, mpaka nikawa ndani, akavuta mlango. Nilisimama gizani nimeshika komeo. Nje wakaanza mchezo upya, na nikamsikia anawaomba wampe zamu nyengine. Wakampa.